Cheche za sweta na risasi: umeme tuli unaweza kufyatua au hauwezi?

Mpwa wangu ni mlinzi wa usiku Dodoma, analinda yadi ya vifaa vya ujenzi. Mwaka jana mwezi wa saba, ile baridi kavu ya Dodoma yenye upepo, akanipigia simu kama saa tano usiku sauti ina wasiwasi. Umeme ulikuwa umekatika, yuko kibandani gizani, anavua sweta lake la manyoya ya nailoni ili avae koti, shotgani kaiweka mapajani na ndani ina risasi, basi sweta likaanza kutoa cheche, ta ta ta ta, za bluu, anaziona kabisa, na alipoteremsha mkono kushika bunduki moja ikaruka kutoka kidoleni ikapiga kwenye chuma mpaka kidole kikauma. "Shikamoo mjomba, samahani kukuamsha, nimeiweka chini nimetoka nje. Hivi hii kitu si ingenilipukia?"

Nikamwambia rudi ndani, haiwezi. Lakini "haiwezi" peke yake haikumtosha na sikumlaumu, maana huyu kijana tarehe 29 Aprili 2009 alikuwa darasa la tatu Mbagala, siku ghala la mabomu lilipolipuka, alikimbia na wenzake akapoteana na mama yake mpaka usiku. Siku ile walikufa watu zaidi ya 20, na Februari 2011 ikaja Gongo la Mboto nako wakafa zaidi ya 20. Mtu aliyekua na hiyo kumbukumbu ukimwambia "usiogope" hujamsaidia, mweleze kinachotokea ndani ya kile kitu alichoshika. Mimi nimefundisha fizikia sekondari, na kabla ya hapo nilifanya kazi miezi kadhaa machimbo ya kokoto nikimsaidia mpiga baruti, kwa hiyo swali lake nimelibeba toka siku ile na naliandika hapa kwa kirefu.

Tuanze na hiyo cheche yenyewe. Vitu viwili tofauti vikigusana halafu vikaachana, kimoja kinabaki na elektroni za mwenzake, na chaji hiyo iliyokaa pale bila kutembea ndiyo umeme tuli, na vikisuguana ndiyo zaidi kwa sababu vinagusana sehemu nyingi mara nyingi. Nailoni na nywele, soli ya raba na zulia, sweta na shati. Kama hewa ina unyevu, juu ya kila kitu kuna utando mwembamba wa maji ambao hata huuoni na ile chaji inavuja taratibu kupitia humo, ndio maana mtu wa Dar, Tanga au Mombasa anaweza kuishi miaka asione cheche ya sweta hata moja, ila mpeleke Dodoma au Singida kiangazi ataziona, na ndugu zetu walioko Canada na Minnesota wanakwambia wakati wa baridi kila wakigusa kitasa wanapigwa shoti, maana nje kumeganda na ndani hita imekausha hewa yote.

Sasa volti. Mtu anaanza kuhisi cheche mwili wake ukiwa umefika kama volti 3,000 hivi. Ukitembea kwenye zulia hewa ikiwa kavu unaweza kupita 10,000. Umeme wa nyumbani ni 230 na unaua, hii 10,000 inakuuma kidole tu, watu wengi hapa ndipo wanapochanganyikiwa. Volti ni sawa na urefu wa mnara wa tenki la maji, haikuambii tenki lina maji kiasi gani. Mwili wa mtu ni kikombe kidogo kilichowekwa juu ya mnara mrefu sana. Kwa lugha ya darasani uwezo wa mwili kubeba chaji ni pikofaradi kama 100 hadi 200, na ukipiga hesabu kwa pikofaradi 100 na volti 10,000 unapata nishati ya milijuli 5. Chukua limao la gramu 100, liinue kutoka mezani nusu sentimita tu. Hiyo ndiyo milijuli 5.

Unaweza kusema basi kama ni kidogo hivyo hesabu imekwisha. Hapana, hapa ndipo nataka tuwe makini, kwa sababu kuna vitu vinavyowaka kwa chini ya hapo. Mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa unahitaji milijuli kama 0.2 au 0.3 kuwaka. Haidrojeni inahitaji karibu 0.02. Na ile dawa iliyoko ndani ya fataki ya risasi (kile kidude cha kwenye kitako kinachogongwa na pini), ikiwa kavu na iko wazi mezani kama unga, inaweza kuwaka kwa chini ya milijuli 1. Yaani kidole cha mpwa wangu usiku ule kilikuwa na nishati ya kutosha kabisa kuiwasha. Kwa nini haikuwaka?

Kwa sababu ya ile nyumba iliyomo.

Ukipata ganda la shotgani lililokwisha kutumika liangalie vizuri. Juu ni plastiki, chini kuna kikombe cha shaba nyeupe au ya njano, na katikati ya kitako kuna duara dogo lenye kovu la pini. Hilo duara ndilo fataki. Ukifanikiwa kuling'oa utakuta ni kakikombe kadogo ka chuma laini, ndani kuna alama nyeusi ya kuungua, na kuna kijichuma kimekaa mle kama fuawe ya mhunzi. Kabla haijapigwa, ile dawa (mara nyingi ni kemikali inaitwa ledi stifineti na wenzake) ilikuwa imebanwa kati ya kikombe na fuawe, tone dogo tu. Pini ikigonga, kikombe kinabonyea, dawa inasagwa kati ya chuma na chuma, inawaka, mwali unapita kwenye tundu unaingia kwenye baruti, baruti inaungua kwa kasi, gesi inasukuma. Ganda la bastola au la bunduki ya kivita ndiyo kabisa, pembeni na kitako vyote ni chuma na mbele limezibwa na kichwa cha risasi ambacho nacho ni chuma.

Sasa cheche ikija kutoka nje inagusa nini? Chuma. Na chuma kikipata chaji, zile chembe zinasukumana zenyewe kwa zenyewe zinakwenda kukaa ngozi ya nje, ndani hakubaki kitu. Michael Faraday alilionyesha hili mwaka 1836, alijenga chumba akakifunika kwa karatasi ya metali, akakipiga kwa mashine ya umeme mpaka cheche zinaruka nje, na kwa ndani kipimo chake hakikuonyesha kitu. Ndio maana radi ikipiga gari la bodi ya chuma abiria wanaweza kutoka wazima. Risasi ni chumba kile kile cha Faraday kwa udogo wa kidole.

Kwenye fataki kuna jambo la pili la msingi zaidi. Umeme hauendi mahali bila tofauti ya volti kati ya huku na kule. Kikombe cha fataki kinagusana na fuawe, fuawe inagusana na ganda, vyote ni chuma kimoja kwa maana ya umeme, volti ya huku ni sawa na ya kule. Ile dawa iko katikati ya watu wawili wenye hela sawa, hakuna anayemdai mwenzake, basi hakuna kinachopita. Hata volti zikiwa 20,000 zinapanda kwa pamoja na kushuka kwa pamoja.

Hapa mpwa wangu akaniuliza swali zuri sana, nikafurahi. "Lakini mjomba hii ya kwangu si juu ni plastiki?" Kweli, ganda la shotgani si kizimba kamili na plastiki inaweza kubeba chaji. Ila fataki yenyewe imo ndani ya chuma kwenye kitako, na ile plastiki nyuma yake kuna baruti tu. Na baruti ya kisasa, ile isiyotoa moshi mwingi, ni vijipande vigumu vilivyopakwa grafaiti, ule unga mweusi wa kwenye penseli. Grafaiti inapitisha umeme. Wanaipaka ili chembe ziteleze zisigandane, na pia ili chaji isijikusanye, inatawanyika juu juu. Tena cheche ya mwili inadumu muda mfupi mno, sehemu ya milioni ya sekunde au chini, kupenyeza joto kwenye chembe nzima mpaka ishike moto ni kazi kubwa. Hata baruti nyeusi ya kizamani, ile ya gobore, watu wameshapitisha cheche za umeme tuli katikati yake mara nyingi mbele za watu na ikabaki imekaa. Lakini wazee wa maghala walikuwa hawaichezei, mapipa yalifungwa pete za shaba badala ya chuma na mtu alivua viatu vyenye misumari mlangoni, kwa sababu cheche ya chuma kwa jiwe ni kijipande cha chuma chenyewe kinachowaka, kina joto na kinadumu, na wao hawakuwa wanashindana na baruti kuona nani atashinda. Baruti nyeusi iliyomwagika, hasa ile iliyosagika ikawa vumbi, iheshimuni hivyo hivyo mpaka leo.

Kwa hiyo hatari ya umeme tuli iko kabla risasi haijafungwa. Iko kiwandani. Risasi zinatengenezwa hata huku kwetu, Morogoro kuna Shirika la Mzinga na Eldoret kuna kiwanda cha serikali ya Kenya, na kazi ngumu katika kutengeneza risasi popote duniani ni ile ya fataki. Dawa inachanganywa na kujazwa ikiwa mbichi, imelowa kama udongo wa mfinyanzi, kwa sababu ikiwa na maji imelala. Sakafu inapitisha umeme, viatu vinapitisha umeme, meza ina waya wa eathi, hewa inawekwa unyevu makusudi, nguo ni za pamba. Uingereza wakati wa vita kuu mbili wanawake waliofanya kazi viwanda vya mabomu walikuwa wanakaguliwa mlangoni, hakuna pini ya nywele, hakuna kiberiti, hakuna nguo ya hariri, unavua vya nyumbani unavaa vya kiwandani ndiyo unavuka mstari uliochorwa sakafuni kwenda upande safi. Ukisoma unaweza kuona ni masharti ya kuwabana tu, lakini kila sharti lile nyuma yake kuna mtu alikufa.

Kuna risasi za aina nyingine ambazo hii habari yote ya "hela sawa" haizihusu, zile zinazowashwa kwa umeme. Mzinga wa M61 Vulcan wa kwenye ndege za kivita za Marekani, ule wa mitutu 6, risasi zake za milimita 20 hazigongwi na pini. Fataki yake ina kitufe katikati kilichotenganishwa na ganda kwa kihami (kitu kisichopitisha umeme), umeme unaingia kitufeni unapita kwenye dawa unatokea kwenye ganda. Kwa kufanya hivyo wamevunja kusudi ule usawa wa volti niliousema, na wakishauvunja lazima waulinde upya kwa njia nyingine. Vifaa vya kuwasha kwa umeme jeshini vinapimwa kwa cheche ya kutengenezwa ya volti 25,000 kutoka kapasita ya pikofaradi 500, hiyo ni zaidi ya milijuli 150, mara 30 ya kidole cha mpwa wangu. Na kama kitu kitaninginizwa chini ya helikopta, kipimo kinapanda hadi volti 300,000, maana mapanga ya helikopta yakikata hewa yenye vumbi yanakusanya chaji ya kutisha, yule askari wa chini anaanza kwa kuigusa ndoano kwa fimbo yenye waya wa ardhini kabla hajaishika kwa mkono.

Hili nalijua kidogo kwa mikono yangu. Kule kokoto tulikuwa tunatumia detoneta za umeme, vile viwashio vya kulipulia baruti, zinakuja na nyaya mbili ndefu na ncha za zile nyaya zimesokotwa pamoja toka kiwandani. Siku ya kwanza nilianza kuzifumua ili nizinyooshe zikae vizuri, yule mzee mpiga baruti akanishika mkono, hakunigombeza, akanisogeza pembeni akaniambia, "Mwanangu, hizi zikishikana hivi ni kitu kimoja. Ukiziachanisha ni vitu viwili. Umeme unapenda vitu viwili." Sijawahi kukisikia kitabu kikieleza vizuri kuliko vile. Tulizifumua dakika ya mwisho kabisa, na wingu likionekana kutanda tu kazi ilisimama watu wote wanaondoka, kwa sababu radi haihitaji kukupiga, ikipita karibu inaamsha umeme kwenye nyaya zilizotandazwa. Siku hizi machimbo mengi yanatumia mirija ya plastiki inayopeleka mshindo badala ya waya, ambayo cheche kama ile ya sweta haiiwashi.

Sasa kama kuna tukio moja linaloonyesha umeme tuli ukifanya kweli kile tunachokiogopa, ni la Ujerumani. Tarehe 11 Januari 1985, kambi ya Waldheide karibu na mji wa Heilbronn, askari wa Marekani walikuwa wanatoa kipande cha kombora la Pershing II kwenye kasha lake. Hakikuwa na kichwa cha nyuklia, ilikuwa injini tu, chupa kubwa ya fueli ngumu. Siku ya baridi kali, hewa kavu kabisa. Hawakuwasha kitu, hawakuangusha kitu. Walikuwa wanainyanyua, ikasuguana na kasha, chaji ikajikusanya, cheche ikapita ndani ya fueli na injini ikawaka hapo hapo. Askari 3 walikufa na wengine wakaungua.

Kinachonigusa kila nikilifikiria ni ile ngozi ya injini. Kombora la Pershing la kwanza lilikuwa na ganda la chuma. Hili la pili walitumia Kevlar, nyuzi ngumu za jamii ya plastiki, ili liwe jepesi liruke mbali, na Kevlar haipitishi umeme. Chaji ikikaa juu yake haina pa kwenda. Waliondoa nyumba ya Faraday bila kukusudia kuiondoa, wao walikuwa wanapunguza kilo. Mtu akikuambia umeme tuli hauwezi kulipua silaha mtajie Heilbronn, na akikuambia risasi yako ya shaba itakulipukia kwa sababu ya sweta, mtajie Heilbronn hiyo hiyo umwonyeshe tofauti.

Na kaka mkubwa wa umeme tuli ni radi. Yenyewe ni cheche ile ile ila kikombe kimekuwa ziwa, haina habari na ukuta mwembamba. Tarehe 10 Julai 1926 radi ilipiga ghala la mabomu la jeshi la maji la Marekani pale Lake Denmark, New Jersey, moto na milipuko ikaenda siku kadhaa, wakafa watu takriban 20 na majengo ya mbali yakabomoka. Baada ya hapo, mwaka 1928, Marekani wakaunda bodi maalumu ya usalama wa maghala ya mabomu, na mambo mengi ya leo kuhusu ghala liwe umbali gani na makazi ya watu yametokea huko. Umbali. Sisi tuliokuwa Mbagala tunaelewa hilo neno uzito wake.

Basi mabomu ya maghalani kwa kawaida yanalipukaje? Mara nyingi ni moto kutoka nje, kama Lagos Januari 2002, moto uliingia kwenye ghala la Ikeja na watu zaidi ya 1,000 wakafa, wengi wao wakizama mferejini wakikimbia. Au ni uzee na joto. Baruti ya kisasa inaoza polepole, na inapooza inatoa joto na gesi za tindikali zinazoiozesha zaidi, wanaiwekea kemikali ya kuituliza lakini nayo inakwisha kwa miaka, na kwenye ghala la mabati lisilo na hewa inakwisha mapema. Rundo likishakuwa kubwa joto linajifungia katikati mpaka siku linajiwasha lenyewe. Hapo hakuna cheche yoyote iliyohusika.

Risasi moja moja ikiungua kwenye moto bila kuwa ndani ya bunduki inapasuka, ganda linachanika, vipande vinaruka lakini kichwa hakiendi mbali kwa nguvu ya kawaida, kwa sababu hakuna mtutu wa kuibana gesi. Ikiwa ndani ya bunduki ni habari nyingine, inatoka kama imefyatuliwa na mtu.

Nilimweleza yote haya mpwa wangu kwa simu, si usiku ule, ni Jumapili iliyofuata alipokuwa ofu. Akanisikiliza vizuri. Kisha nikamuuliza kibandani kwako kuna nini kingine, nitajie vyote. Akataja kiti, jiko la mkaa, redio, kopo la risasi za akiba kwenye shelfu, na dumu la plastiki la petroli la lita 20 la jenereta, liko chini ya shelfu hiyo hiyo, na mfuniko umepotea wameziba na nailoni.

Nikanyamaza kidogo. Nikamwambia mwanangu, cheche iliyokuuma kidole usiku ule ilikuwa na nishati mara kumi au zaidi ya inayohitajika kuwasha mvuke wa hilo dumu. Ulikuwa unaiogopa risasi mapajani, na kilichokuwa kinakusubiri kiko nyuma ya mguu wako. Tena nikamweleza na la sheli, kwamba dumu la plastiki likijazwa likiwa juu ya pikapu yenye plastiki kwenye bodi, petroli ikitiririka inazalisha chaji na haina njia ya kushuka, literemshe chini ardhini kwanza, mdomo wa pampu uguse shingo ya dumu muda wote, na usiingie ukatoka kwenye gari katikati ya kujaza ukarudi kushika pampu, kwa sababu siti ya gari na suruali ni kama lile sweta. Ukishuka gusa bodi ya gari kwa mkono mahali palipo mbali na tundu la tenki, chaji itoke hapo.

Jioni ile ile akanitumia picha. Dumu liko nje, nyuma ya yadi, kwenye kivuli cha ukuta, limewekewa mfuniko mpya mwekundu. Kopo la risasi limebaki pale pale kwenye shelfu.